Kifumbu cha Tui na Mbatata za Samira

Mbatata mbichi ikikwaruzwa hutoa harufu ya udongo uliomwagiwa maji asubuhi. Watu wengi hawaijui harufu hiyo, au wakiijua hawaijali, kwa sababu wao husubiri ile inayokuja baadaye, ya kitunguu na mafuta ya moto. Mimi hiyo ya mwanzo ndiyo hunikamata. Kwanza huona haya, njaa hufuata nyuma. Hivi sasa binti yangu yumo jikoni anakwaruza, nami nimekaa hapa barazani, nikaona bora niwaelezeni nyinyi kisa hiki, maana yeye nikimwambia atanicheka mpaka Idi.

Mimi Zuwena nililelewa Ibra, Omani, na Bibi, mama yake baba. Mama alijifungua mapacha nilipokuwa na miaka minne, nyumba ya Maskati ikawa haina hata pa kuweka mguu, nikapelekwa kwa Bibi kwa muda. Muda huo ukaota mizizi, na mpaka nafika miaka kumi nilikuwa bado nalala kitanda kimoja na Bibi. Sikulalamika hata siku moja. Nilijiambia kwamba katika wajukuu wote mimi ndiye niliyechaguliwa, na nikatembea mtaani na uso wa mtu aliyechaguliwa.

Bibi alizaliwa na kukulia Unguja mjini, na jiko lake la uani, lililopakana na mitende, lilikuwa Unguja tupu. Kila Jumatano tulikwenda soko la wanawake, akanunua nazi zilizotoka Salala, moja moja, akizigonga kwa kidole na kuzisikiliza. Tukirudi, yeye alikaa juu ya mbuzi akakuna, mimi nikakamua. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu, na chombo changu kilikuwa kifumbu, kile kifuko cha ukindu ambacho nazi hutiwa ndani ikanyongwa mpaka tui litoke lote. Kilikuja naye kutoka Unguja ndani ya sanduku la nguo, na kilitundikwa kwenye msumari uliopigiliwa chini makusudi, kimo cha mkono wangu. Hakuna mtoto mwingine aliyekigusa. Nilikamua, tui nikaliweka chini ya kawa, kile kifuniko cha kusukwa, machicha nikawarushia kuku. Mikono yangu ilinukia nazi mpaka darasani, na nikiinusa nilikuwa kama niko nyumbani.

Kisha akaja Samira.

Ami yangu, mdogo wake baba, alipelekwa kusoma Ujerumani ya Mashariki alipokuwa kijana, akaoa hukohuko, akazaa hukohuko. Yeye na mkewe walipoachana, akapata kazi Maskati, akaja na mwanawe wa miaka kumi na moja. Wiki nzima yuko kazini, basi mtoto akaletwa kwa Bibi, naye ati kwa muda. Alishuka garini na nywele rangi ya asali na soksi ndefu katika joto la Ibra, akamshika Bibi mkono, akasema shikamoo kwa sauti ndogo, kila herufi mahali pake. Bibi alilia. Mimi nilikuwa nikimwamkia kila siku ya Mungu na sikupata kuona hata chozi moja.

Kiswahili chake alifundishwa na baba yake, na kilichechemea. Alisema "kuku hii" na "kiti yangu", na Bibi akacheka kwa mapenzi akamwita habibti. Mimi nikikosea herufi moja niliambiwa nirudie mpaka nipatie. Nilipomuuliza Bibi mgeni huyu atakaa mpaka lini, alinijibu kwa methali: mgeni njoo, mwenyeji apone. Nilijitazama sana wiki ile, sikuona nilichopona. Methali niliyoipenda mimi ilikuwa ile nyingine, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, nikawa nahesabu siku kwa vidole. Siku ya tatu ikapita, ya kumi ikapita. Jembe halikutoka.

Kilichotoka ni kifumbu changu.

Alkhamisi moja, siku ambayo ami alikuwa akija kutoka Maskati, Samira alimwomba Bibi ampikie baba yake chakula ambacho mama yake alikuwa akikipika. Jina la Kijerumani la chakula hicho lilitushinda sote, Bibi akakibatiza hapo hapo: vibibi vya Kijerumani, maana vilikuwa vya duara na vya kukaangwa kama vibibi vyetu vya mchele. Mbatata, kitunguu, yai, unga kidogo, chumvi. Kula, vililiwa na matufaha yaliyochemshwa mpaka yakavurugika, na Bibi hakuweza kujizuia, akayatia iliki.

Kikwaruzo hatukuwa nacho. Bibi akajaribu kukuna mbatata kwa mbuzi, zikamteleza. Basi akachukua kopo tupu la maziwa ya unga, akalitoboa kwa msumari toka ndani kwenda nje, akampa Samira. Samira akakwaruza mbatata zote mpaka vidole vikamwiva, huku anaeleza, kwa mikono zaidi kuliko kwa maneno, kwamba sharti zikamuliwe sana. Maji yamwagwe, kile kilichobaki ndicho kipikwe. Bibi alinyoosha mkono kwenye msumari wangu, akashusha kifumbu, akampa. Hakunitazama, hakuniuliza. Nakuambieni kweli, nilimchukia mtoto yule kwa moyo wangu wote.

Alikishika vibaya. Alikibinya katikati kama anafinya chungwa, maji yakamtiririkia mpaka kwenye kiwiko. Adhana ya adhuhuri ikaadhiniwa, Bibi akaenda kutia udhu, na Samira akamfuata kwa sababu macho yalimwasha kwa kitunguu. Bibi akaniambia nimalizie kukamua.

Nikamalizia. Nilikamua vizuri kuliko nilivyowahi kukamua nazi yoyote. Kisha yale maji ya kahawia nikayaweka kwenye bakuli, nikayafunika kawa kwa adabu zote, na zile mbatata, zote, nikawapelekea kuku.

Nilijua. Msiniulize kama nilijua. Nilisimama pale nawatazama kuku wanavyogombania chakula cha mama yake Samira, na moyo wangu ukatulia kwa mara ya kwanza tangu alipokuja.

Samira ndiye aliyetangulia kurudi. Akafunua kawa, akatazama bakuli, akatazama uani. Alichuchumaa baina ya kuku akawa anaokota vile vipande vyeupe, kimoja kimoja, anavitia kwenye pindo la gauni lake pamoja na mchanga. Bibi akatoka na msala mkononi. Alitazama kuku, akanitazama mimi kitambo, kisha akasema maneno ambayo tangu siku ile mtaa mzima uliyajua.

"Mkono umezoea tui, masikini. Si kosa lake."

Na watu wakacheka. Bi Zeyana, jirani aliyetupa mbatata nyingine kwa kuwa maduka yamefungwa mchana ule, alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya leso, na jioni hadithi ilikuwa imefika nyumba zote: mtoto wa Kiunguja kakamua mbatata, kaweka tui katupa machicha. Nilicheka nao. Wakati huo Samira alikuwa akiyamwaga yale maji polepole, na chini ya bakuli ukaonekana unga mweupe, mzito, umeganda. Akaukwangua kwa kijiko na kuutia kwenye mbatata mpya. Alisema mama yake alimwambia huo usitupwe kamwe.

Vilitoka vibibi tisa tu, vimeungua kingo, vya kahawia. Ami alikula cha kwanza, akamwambia mwanawe neno la Kijerumani, na Samira akacheka kwa mdomo mzima. Mimi nilipewa kimoja. Kilikuwa kitamu, na hilo nalo lilinikera.

Jumatano iliyofuata Bibi alinunua kitambaa cheupe cha pamba, akakipinda kingo kwa mkono, akampa Samira cha kukamulia mbatata zake. Kifumbu kikarudi kwenye msumari wangu. Nilihesabu kuwa nimeshinda, na ushindi huo niliishi nao miaka mingi. Samira alipika vibibi vyake karibu kila Alkhamisi, nami nikavila, na kila mara mtu alikumbusha habari ya mkono uliozoea tui, nikatabasamu kama mtu asiye na kosa.

Bibi alikufa tukiwa tumeshaolewa sote, mimi na watoto wawili, Samira mwalimu huko Sur. Siku ya tatu ya matanga tulikuwa uani wawili tu, tunaosha masufuria ya wageni. Kifumbu kilikuwa pale pale, kimekauka, na msumari sasa unanifika kiunoni. Sijui ni msiba au ni nini, nikajikuta nasema.

"Samira, zile mbatata..."

"Najua," akasema, bila kuacha kusugua. "Bibi aliniambia jioni ile ile. Aliniuliza, kifumbu kikae kwako au nimrejeshee Zuwena? Akasema, wewe mama yako yuko kwao anakupigia simu, baba yako anakuja kila wiki. Zuwena wenziwe wana mama yao Maskati, yeye hana anayemwita ila mimi."

Nikamuuliza alijibu nini.

"Nikamwambia mpe. Mimi nitakamulia kitambaa."

Nilikishusha kifumbu nikataka kumpa. Alitikisa kichwa, akasema hajui kukishika, nikakumbuka jinsi alivyokibinya siku ile, tukacheka, kisha mmoja wetu akalia na mwingine akafuata.

Siku ile ndipo nilipohesabu upya. Miaka yote nilijiona mtoto aliyechaguliwa, na nilimwonea wivu Samira kwa kuja kunipokonya. Haikunipitikia kwamba nyumba ile ilikuwa na watoto wawili walioachwa, na kwamba Bibi, aliyemlilia mgeni wazi wazi, mimi alinililia kimya kimya miaka sita, kwa kunipigilia msumari kimo changu. Wa kuhurumiwa zaidi nilikuwa mimi, na Samira aliambiwa hivyo akiwa na miaka kumi na moja, akaitunza siri hiyo, akaniachia mahali pangu, na kila Alkhamisi akanisogezea sahani.

Binti yangu anatoa kichwa dirishani. Anauliza ameshakamua, sasa anatupa nini, maji au haya mengine.

"Maji," namwambia. "Nayajua hayo tangu nina miaka kumi."