Ukoko wa Mgeni

Sufuria ya biriani ikishazibwa mfuniko kwa unga uliokandwa, huonji wala huchungulii. Hilo ndilo lililonitia kiwewe siku ile, jikoni kwa bibi wa Kihindi, jirani yangu hapa Mtendeni. Tangu malaria imlaze alikuwa hagusi chakula, na mwanawe alikuwa amekuja kumchukua ampeleke Dar es Salaam.

"Dada, akila leo nitamwacha," aliniambia. "Asipokula, kesho tunaondoka."

Jamani! Mimi, mtoto wa mkulima wa Ntalikwa niliyekuzwa kwa ugali na mlenda, ndiye niliyebebeshwa mzigo huo.

Biriani alinifundisha bibi mwenyewe. Tukipika alinihadithia jinsi wafalme wa Kihindi walivyowaita wapishi, wachoraji na washairi kutoka Uajemi, hata ikulu zao zikazungumza Kiajemi, na kila tajiri akataka bustani na picha za Kiajemi. Huko zafarani ikakutana na viungo vya Kihindi. "Na hapa imekutana na mchele wa Igunga," alimalizia akicheka. Ukoko hakuwapa watu wa nyumbani. Waajemi humpa mgeni, alisema, nami kila Jumapili nikitoka kanisani niliufakamia bila aibu.

Basi nikapalia mkaa juu ya mfuniko, nikasubiri. Mara nikasikia harufu ya kuungua. Mungu wangu! Nikifunua mapema, wali unabaki na kiini. Nikichelewa, unateketea. Nikashika kisu nibandue unga.

"Usifunue!" Bibi alipaza sauti kutoka chumbani. Nikakiweka kisu chini.

Alipokuja kukaa mezani, nilifunua. Wali ulikuwa umeiva, ukoko mwekundu, umeungua kidogo pembeni. Nikampakulia wali laini wa juu na nyama. Ukoko nikauweka kwangu, kama kawaida.

Akaisukuma sahani yake kwa mwanawe. Kisha akanyoosha mkono, akaivuta sahani yangu.

"Leo mgeni ni mimi," akasema.

Akala. Aliutafuna ukoko wote, kwa sauti.

Mwanawe akafurahi. "Basi, Mama, utabaki."

"Sanduku langu nimeshalifunga, liko nyuma ya mlango," alimjibu, akanigeukia mimi. "Sitaki upike tena kwa hofu namna hii, mwanangu."