Gesi ya Ng'ombe wa Mahari

Baba yangu alikuwa na lori dogo la kubeba omena, wale dagaa wa ziwani, kutoka Usenge hadi Kisumu. Omena zikishakauka pale ufuoni, akina mama walizijaza kwenye magunia, naye akazipeleka sokoni. Karo zetu, sukari yetu, mabati ya nyumba yetu, vyote vilitoka kwenye lori hilo. Na lori lilikunywa dizeli, jambo ambalo hakuna mtu nyumbani aliyewahi kulifikiria mpaka mwaka ule Iraki ilipoivamia Kuwait.

Mwanzoni tulidhani hiyo ni vita ya watu wa huko. Kisha bei ya mafuta ikaanza kupanda, na mafuta ya taa yakawa yanaonekana madukani leo, kesho hayapo. Siku moja baba alipeleka omena mjini, akarudi kesho yake jioni akiwa amebebwa kwenye kibebeo cha baiskeli, suti yake ya kijivu imejaa vumbi. Lori alikuwa ameliacha Kisumu, kwenye foleni ya kituo cha mafuta.

Tulitarajia kumwona akiwa na hasira. Badala yake aliingia akicheka.

"Haya mafuta yataisha," alisema huku akinawa mikono. "Si hapa tu. Dunia nzima. Hata hao wenye visima, iko siku watachimba wapate mchanga."

"Na sisi tutafanya nini?" mama akauliza.

"Sisi tuna ng'ombe."

Mama alinitazama. Nilikuwa nimemaliza shule mwaka uliopita na nilikuwa nafundisha darasa la pili pale kijijini, kwa hiyo nyumbani nilihesabiwa kuwa mtu wa kuelewa mambo. Sikuelewa.

Kumbe pale kwenye foleni gari la mbele yake lilikuwa la bwana shamba mmoja, na kwa kuwa foleni haikusogea, walikuwa wameongea tangu asubuhi. Bwana shamba akampeleka kwa miguu hadi shule moja iliyokuwa inapika kwa gesi ya mavi ya ng'ombe. Baba aliuona moto kwa macho yake. Wa bluu, alisema, kama ua, na hauna moshi hata kidogo.

"Chakula changu kipikwe na mavi?" mama akasema. "Baba, hapo hapana."

Lakini hakumkataza kuchimba shimo la kutengenezea gesi hiyo. Nafikiri aliamini hilo shimo lingemchosha mwenyewe. Baba alilichimba nyuma ya jiko, akalijenga kwa matofali kama kisima, na lori lilipopata dizeli alirudi nalo likiwa limebeba pipa kubwa la chuma lililochomelewa na mafundi wa Kisumu. Pipa lile liliwekwa juu ya shimo likiwa limepinduliwa, mdomo chini. Ndani ya shimo tulimwaga mavi yaliyokorogwa na maji mpaka yakawa kama uji. Gesi ikitoka kwenye uji ule ingelisukuma pipa juu, halafu ingepita kwenye mpira hadi jikoni, kwenye stovu ya chuma.

Pipa lilipoanza kuinuka, baba aliwaita majirani wote. Walikuja na watoto wao. Baba akafungua koki, akawasha kiberiti, akakisogeza. Kiberiti kikazima. Akawasha kingine, kikazima vilevile, na harufu ya mayai yaliyooza ikajaa jikoni. Watu walitoka mbio wameziba pua, wanacheka mpaka wanashikana mabega. Kwa siku nyingi baada ya hapo, baba akipita ufuoni, wachuuzi walimwuliza kama ana kiberiti.

Bwana shamba alikuwa amemwambia kwamba gesi ya kwanza huwa haiwaki, inafaa kuachwa itoke. Baba alikuwa amesahau. Aliiacha itoke, akasubiri, akajaribu tena bila kuita mtu isipokuwa mimi. Safari hii iliwaka. Moto ulikuwa mdogo, wa bluu, umezunguka stovu kimya kabisa. Tuliutazama kama watu wanaotazama mtoto mchanga. Mama alichungulia mlangoni, akaguna, akarudi kwenye mafiga yake.

Kwa wiki kadhaa gesi ile ilichemsha maji ya kuoga tu. Chakula, mama alisema, kina heshima yake.

Basi ikafika siku ya wakwe. Dada yangu mkubwa alikuwa anafanya kazi dukani Kisumu, na kijana aliyemtaka alikuwa wa Port Victoria, kwa watu wa biashara ya samaki. Wajomba na shangazi zake walikuwa wanakuja kuzungumza habari ya mahari. Mvua ikaanza tangu usiku, mvua ya kweli, na kulipokucha kuni zote zilikuwa zimelowa. Mama alipuliza mafiga mpaka machozi yakamtoka. Mafuta ya taa hayakuwepo dukani. Na wageni walikuwa tayari wameonekana barabarani, wamejifunika mifuko ya nailoni.

Mama alisimama katikati ya jiko, akavuta pumzi.

"Leta sufuria," aliniambia. "Na mtu yeyote asiseme neno."

Tulipika kuku, tukapika samaki aina ya mbuta, tukapika wali. Mama alifanya kazi kwa haraka ambayo sikuwahi kuiona, na kila aliponyanyua kifuniko alinusa kwanza. Baada ya kuku wa pili alisahau kunusa. Ubaya ulikuwa mmoja: ng'ombe wetu walikuwa wachache, na gesi ilikuwa kidogo. Kabla ugali haujaiva, moto ukaanza kulegea. Nilitoka nje nikakuta pipa limezama karibu lote, na baba yuko pale kwenye manyunyu, analikandamiza kwa mikono miwili.

"Inahitaji uzito," alininong'oneza. "Tafuta mawe."

Kabla sijapata jiwe, mjomba wa bwana harusi akatokea kwenye kona ya nyumba. Alikuwa mtu mnene mwenye sauti nzito, ametoka kunyoosha miguu, na sigara mdomoni.

"Mzee, zima sigara!" baba akapiga kelele.

Mgeni akashtuka, akaitupa kwenye dimbwi. Mkwe hasemeshwi hivyo. Niliona harusi ya dada yangu ikizama pamoja na lile pipa. Ikabidi baba aeleze yote: gesi, ng'ombe, Kuwait, ugali uliokuwa jikoni. Yule mzee alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Kuku niliyemnusa mle ndani amepikwa na hii?"

"Ndiyo."

"Na ugali haujaiva?"

"Bado kidogo."

Mzee akavua koti lake, akanipa nilishike, akaketi juu ya pipa.

Jikoni tulimsikia mama akisema, "Wuololo! Moto umerudi!" Wageni wengine wakaja kuona mwenzao amepotelea wapi, wakamkuta mjomba wao amekaa juu ya shimo la mavi kama chifu kwenye baraza, na baba yangu amemfunika kwa mwavuli. Shangazi mmoja alicheka mpaka akaketi kwenye nyasi zilizolowa. Mama alipotoka na mwiko mkononi na kuona wakwe wote wamejua siri yake, alificha uso kwa kanga, halafu naye mabega yakaanza kutikisika.

Walikula kila kitu. Hakuna aliyeziba pua.

Mazungumzo yalipoanza, upande wa kijana ulisema kwamba nyakati zimebadilika, watu wa mjini siku hizi hutoa pesa badala ya ng'ombe. Nilijua baba alikuwa na haja ya pesa, lori lilitaka magurudumu. Lakini alitikisa kichwa.

"Pesa hainyi," alisema. "Nataka ng'ombe wazima, wanaotembea."

Yule mjomba ndiye aliyecheka kwanza, akasema hajawahi kusikia sababu nzuri kuliko hiyo. Wakakubaliana. Ng'ombe waliletwa baada ya mavuno, na dada yangu hadi leo huwaambia watoto wake kwamba yeye aliolewa kwa ajili ya mbolea.

Bei ya mafuta ilishuka baadaye, na wengi waliotaka kuchimba mashimo wakaacha. Baba hakuacha. Lori lake liliendelea kununua dizeli kama malori yote, hakuwahi kupata njia ya kuliendesha kwa gesi ya ng'ombe, ingawa alifikiria sana jambo hilo. Lakini jikoni kwetu mambo yalibadilika kabisa. Zamani jiko lilikuwa mahali pa kuingia na kutoka haraka, macho yanawasha. Sasa mama alipaka kuta zake chokaa, akaweka kiti. Jioni nikitoka shule nilimkuta ameketi mle, sufuria inachemka taratibu, naye ananisubiri tuzungumze. Mengi ninayoyajua kuhusu mama yangu, usichana wake, nyimbo alizozipenda, watu waliomtaka kabla ya baba, niliyasikia katika jiko lile.