Mwali Aliyefungua Mdomo Siku ya Kutolewa

Mwali haongei siku anayotolewa. Anainamisha uso, anafunikwa kanga, basi.

Mdogo wangu Firdausi aliongea. Mbele ya watu, kijijini Kurui, ngoma imepamba moto.

Ngoja nianze na ujinga wenyewe, maana ukoo wetu umejaaliwa.

Kwetu ni Mbwawa, Kibaha. Firdausi alikuwa na miaka kumi na sita, kidato cha tatu. Mwezi wa tatu alikaa siku nne bila usingizi, anaongea kama redio. Siku ya tano akachukua bodaboda ya jirani yetu Silvanus, hajawahi kuendesha maishani mwake, akaingia nayo barabara ya Morogoro. Anapiga vigelegele katikati ya malori!

Alivunjika mkono. Hospitali wakasema ana bipolar: hisia zinapanda kupita kiasi, kisha zinashuka vilevile. Wakampa dawa.

"Firdausi, ukizidiwa usikimbilie kutenda," daktari alimwambia. "Mwambie kwanza mtu mzima mmoja."

Nikacheka moyoni. Miaka yote ile ya chuo, ushauri ndio huo?

Sisi matatizo tuna namna zetu. Mama ukimuuliza jambo zito, anakuuliza kama umekula. Shangazi Mwanahalima wa Kurui kila kitu anakipigia ngoma. Mimi Zuleha, msimamizi wa kiwanda Zegereni, nafoka kwanza, kufikiri baadaye.

Nikafoka. "Huyu haumwi chochote. Hajafundwa tu!"

Shangazi akadakia hapohapo. Likizo ya mwezi wa sita Firdausi akawekwa ndani kufundwa, Kurui. Nilimpeleka mwenyewe.

Wiki ya tatu nikaenda kumwona. Kalala mkekani, kakonda, uji haujaguswa. Nikamsemesha, akaitikia kwa macho tu.

"Unaona?" shangazi akatamba. "Hanyanyui uso. Hacheki ovyo. Hata chakula anakionea haya. Mwali ndiye huyo!"

Kungwi aliyekuwa akimfunda akapokea sifa utadhani kajenga daraja. Na mimi, kichwa maji, nikamwambia mtoto, "Sasa umekuwa mtu."

Chozi likamtoka. Tukasema ni adabu.

Siku ya kutolewa wakambeba begani, wakamkalisha mkekani. Shangazi akamfunua uso ili watu wamwone.

Firdausi akasema taratibu, lakini wapiga ngoma wa mbele walimsikia, wakaacha kupiga.

"Shangazi, nataka kufa. Nipelekeni hospitali."

"Astaghafirullah, mwali anaongea!" Kungwi akamrudishia kanga usoni. Kweli tena. Mtoto anasema anataka kufa, yeye anaokoa shughuli.

Mama ndiye aliyeivuta ile kanga akaitupa chini. "Inuka mwanangu, twende."

Hospitali daktari akauliza, "Dawa aliacha lini?"

Mama akamgeukia shangazi, kafura. "Wifi, umemnyima mwanangu dawa?"

"Dawa gani, wifi? Wallahi mimi sikuletewa dawa."

"Nilimpa Zuleha mfuko mzima!"

Wote wakaniangalia mimi.

Niliutumbukiza chooni asubuhi ileile, kabla hatujatoka Mbwawa. Nilijiona nina akili kuliko mama, kuliko shangazi, kuliko daktari mwenyewe.

Firdausi amerudi shule, dawa anameza. Katika ukoo mzima, aliyetatua tatizo kwa akili ni yule tuliyesema hajafundwa. Alizidiwa, akatafuta watu wazima, akasema. Bahati mbaya watu wazima wenyewe ndio sisi.

Mwenye kusikia asikie: mtoto wako akinyamaza ghafla, usimpigie vigelegele. Muulize. Na dawa ambayo hukuiandika wewe, usiitupe wewe.

Firdausi hajawahi kuniuliza kwa nini nilifanya vile. Mimi ndiye ninayejiuliza, na jibu linanitia aibu: nilitaka tu kuonekana najua.