Askari wa Ngao Nyeupe na Mbuzi ya Nazi

Nakumbuka alasiri moja pale Matrah, Uarabuni, mwanangu, nimekaa juu ya kasha la nguo, watoto wa nyumba wamenizunguka, nami nawasimulia uongo mtupu huku natafuna sambusa ya tatu. Nilikuwa na miaka ishirini. Tulikuwa tumetoka Unguja miaka mitatu nyuma, na katika nyumba ile tuliishi mimi na shangazi zangu wawili, Zuwena mkubwa na Raya mdogo wake, pamoja na watoto wao. Waume zao walikuwa kazini Kuwait. Mimi nilipewa chumba cha juu, na kula juu yao.

Basi shangazi hao walikuwa hawasemezani. Ugomvi ulikuwa juu ya mbuzi ya kukunia nazi. Usicheke. Ilikuwa moja tu, tumetoka nayo kwetu, na katika ugeni ule wali wa nazi ndio uliotuliwaza. Kila mmoja alidai kuwa Bibi, mama yao aliyebaki Unguja, kampa yeye. Mbuzi ikawekwa katikati ya ua, hapana wa kuikalia, na nyumba nzima tukala wali mkavu. Shahidi nilikuwa mimi, maana ndiye niliyeipokea mikononi mwa Bibi siku ya safari.

Waliponiuliza Bibi kampa nani, nikasema, "Mimi simo."

Lo! Tangu siku hiyo nikawa mwana wa mfalme. Asubuhi mkate wa ufuta kwa Shangazi Zuwena, adhuhuri pilau kwa Shangazi Raya, alasiri sambusa kwa wote wawili, kila mmoja akitaraji nitamshuhudilia. Nilinenepa hata kanzu ikanibana.

Hadithi yangu ilikuwa ya nchi isiyokuwepo. Mfalme wake aliwapa askari wake, Askari wa Ngao Nyeupe, bonde zima la mitende, wale wao na vizazi vyao, kwa sharti walinde daraja baina ya miji ya wanawe wawili. Wana wakagombana. Huyu akawaletea askari farasi, yule akawaletea asali. Askari wakajibu, "Sisi hatumo," wakapokea farasi, wakapokea na asali. Niliwapenda mno askari wale. Bila shaka umeshajua kwa nini.

Jirani yetu mzee, Ami Khalfan, alikuwa kaja siku hiyo kumsihi Shangazi Raya asihame. Ndiyo, mambo yalikuwa yamefika huko: mafurushi yamefungwa, kesho yake anahamia Sib na wanawe. Mzee kakaa na kikombe chake cha kahawa, ananisikiliza.

"Hebu, kijana," akaniuliza, "lile daraja vipi?"

"Limeanguka, Ami. Vita vilikuwa vikali."

"Na askari walikuwa wapi?"

"Bondeni, wanakula tende."

"Basi hao si watu wa kati. Ni watu wa sinia."

Binti mdogo wa Shangazi Raya akanionyesha kidole, akaropoka, "Kama kaka Nasor!"

Nikaiweka sambusa chini. Shangazi wote wawili walikuwa wamesimama, kila mmoja mlangoni mwake. Ami Khalfan akaniuliza taratibu, "Bibi yako alimpa nani ile mbuzi?"

Nikatazama mafurushi, nikamtazama yule mtoto atakayeondoka kesho. Nikaona haya.

"Kanipa mimi," nikasema. "Alisema, 'Shangazi zako hawajui kugawana tangu wadogo. Iwe yako, uwakunie nazi wote wawili kila siku, nao watakupa pa kulala.'"

Nilikuwa nimelificha neno hilo, mwanangu, kwa kuwa mwanamume mzima sikutaka majirani wanione nimekalia mbuzi.

Kisha Shangazi Raya akamsemeza dada yake mara ya kwanza tangu ugomvi uanze: "Dada, unamsikia huyu?"

"Nnamsikia. Mkamate, asikimbie!"

Raya akafungua furushi la safari, akatoa nazi nne. Zuwena akaleta sinia. Nikakalia mbuzi, mlango wazi, kila apitaye ananisalimu, "Allah yaatik al-afya," yaani Mungu akupe nguvu ya kazi, na kucheka. Furushi lile halikufungwa tena, nami nilikuna nazi hadi mwaka niliooa.

Wahenga walisema mpanda farasi wawili hupasuka msamba. Mimi nilipasuka vidole. Mwanangu, kutokuwa na upande si aibu. Lakini kabla hujasema "mimi simo", tazama sahani iliyo mbele yako, ukumbuke ulipewa kwa kazi gani. Ukiwekwa baina ya watu, kuwaunganisha ndiyo kazi yako. Na kweli uijuayo iseme mapema, kabla watu hawajafunga mafurushi.

Nasikia kaka zako hawasemezani, nawe unakula kwa huyu na kwa yule. Unaona unavyonenepa? Mungu akupe ulimi usioficha haki na mikono isiyoona haya kazi, akuweke baina ya ndugu zako kwa kheri. Mbuzi ile ipo chini ya kitanda changu. Ichukue leo, iwe yako. Sharti lake unalijua.