Sifuri kwenye kompyuta

Alama ya betri kwenye kompyuta yangu ilikuwa imekufa zamani. Kujua kama umeme unaingia, nililazimika kufungua ukurasa mweusi na kuandika amri. Ikijibu moja, umeme unaingia kwa waya. Ikijibu sifuri, kompyuta inakula betri. Na betri yangu ilikuwa ya kuhurumia: dakika kumi, basi.

Asubuhi hiyo nilikuwa katika duka la kuchajia simu, mtaani Mudzipela, mimi sekretere, yaani karani wa shule, nikimalizia orodha ya wanafunzi wa mtihani wa mwisho. Shule yetu ilikuwa imekimbia vita, na karatasi zote zilibaki kule. Asiyeandikwa kabla ya saa sita hafanyi mtihani. Prefe, mkuu wetu wa shule, alisimama nyuma yangu akinipumulia kisogoni.

Nikapima. Sifuri.

Jenereta ilikuwa inanguruma nje. Nikageuka: mama mmoja alikuwa amechomeka simu yake sasa hivi, kando ya waya wangu, akiongea nayo ikiwa bado kwenye chaji. Katika maduka haya ni mwenye duka peke yake anayegusa waya wa mtu. Nikaona huyu amelegeza wangu. Damu ikanipanda, nikauchomoa wake.

Simu ikazimika hapo hapo. Betri yake ilikuwa mbovu kuliko yangu.

“Papa! Mutoto wangu alikuwa ananiambia wamesimamisha gari yao mu njia ya Mongbwalu!”

Duka zima likatugeukia. Ilisemwa ni amani, lakini njia ile kila mtu aliijua kwa watu wenye bunduki.

“Sekretere, saa iko inaenda,” prefe akasema.

Nikaandika amri tena. Sifuri. Nikainama: waya ulikuwa umechomoka kwenye kompyuta yenyewe, umesukumwa na goti langu. Nikaurudisha. Moja.

Mama alichomeka simu yake tena, akapiga. Namba haikupatikana. Akapiga tena na tena, huku mimi nikichapa majina na kukosea herufi, nikiona aibu hata kumwangalia. Msamaha sikuomba. Mbele ya prefe niliona nitajishusha, na ujinga huo bado unanichoma.

Orodha ilifika kwa wakati. Mtoto wa yule mama, binti, naye alifika kesho yake jioni, mzima, kwa miguu. Niliposikia, nilikwenda kwao kuomba msamaha. Mama alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza:

“Ule usiku, weye ulilala?”

Nilikuwa nimelala, tena fofofo.