Spana Aliyoitundika Ukutani Chaka

Mwaka ule tuliokula ugali wa unga wa njano, ule uliokwama kooni mpaka tuusukume kwa chai ya rangi, mwanamke mmoja alitoka Chaka akaja kwenye gereji yetu hapa Nyeri kutafuta spana ya kununua. Mumewe, aliyekuwa fundi, alikuwa amemwacha mjane na ua wa mabati na makanika wawili. Jumanne ya wiki iliyopita nililetewa habari kwamba na yeye ameenda. Nilikuwa namenya viazi, na niliendelea kumenya mpaka karai ikajaa. Wasomaji wangu mnajua sikuvuka darasa la nne, na sitajifunza uongo mtamu leo kwa sababu mtu amezikwa. Huyo mwanamke nilimwonea wivu miaka yote, na Jumamosi kando ya kaburi nilikuwa bado namwonea. Mafundi walitoka Karatina, Kianyaga, hata Kangari, wakiwa na ovaroli zilizofuliwa na kupigwa pasi, wakamchukua begani kama malkia. Mimi nikajiuliza, nikifa, nani atanifulia ovaroli.

Hiyo spana niliyomwuzia ilikuwa imechoka. Mdomo wake ulikuwa umepanuka, ukiiweka kwa bolti inateleza na kula kichwa. Nilijua. Mume wangu alikuwa chini ya gari, mimi ndiye nilikuwa mlangoni nikipokea wateja, na nilipomwona huyo mama na kitambaa chake cheusi nilijiambia, huyu atarudi shambani kabla ya mvua, spana nzuri ataifanyia nini. Hakurudi shambani. Alifanya kitu ambacho hakuna fundi wa kiume alikuwa amekifikiria. Aliwazungukia wenye gereji ndogo mmoja mmoja na kuwaambia kwamba kampuni kubwa za magari zitawameza wakiendelea kufichana ujuzi. Wakapatana kila gereji inunue kifaa kimoja kikubwa ambacho wengine hawana, na wote waazimane. Kianyaga wakaweka mashine ya kusukuma beringi, yeye akaweka ya kupimia nozeli zinazonyunyiza dizeli ndani ya injini. Na kila Jumatatu wakakutana kwake Chaka, ambapo fundi aliyeshindwa na gari wiki hiyo alisimama mbele ya wote akasema, "Hii imenishinda." Wakaifungua pamoja, kila mmoja akienda nyumbani na kitu kichwani.

Alikuja kutualika, na nikamcheka. Kwa mume wangu kazi ilikuwa siri. Aliweka ncha ya bisibisi kwenye injini, mpini sikioni, akasikiliza, akazungusha kidogo, na gari likaimba. Alimfundisha kijana wetu hivyo hivyo, kwa sikio, mlango ukiwa umefungwa. Nikamwambia yule mama, "Sisi hatuendi kuimba kwaya ya kushindwa." Alitabasamu, akamaliza chai yangu, akaenda.

Baadaye mume wangu alikufa, na barabara zikajaa pikapu za dizeli. Mtu wa Kieni alituletea yake iliyokuwa ikibeba kabeji. Mwanangu akafungua pampu ya dizeli bila kuweka alama ilikuwa imekaa wapi, akairudisha kwa sikio kama babake alivyofanya magari ya petroli. Dizeli haina sikio. Meno ya gia yalipishana kwa jino moja tu, na pikapu ikawa inatoa moshi mweupe kama jiko la kuni mbichi, haiwezi hata mlima mdogo. Wiki tatu tuliivuruga. Mwishowe mwenyewe alikuja na kamba, akaivuta kuelekea Chaka mchana, watu wakiwa sokoni. Siku mbili baadaye ilipita mlangoni kwangu imejaa kabeji, ikipanda mlima bila kuhema, na dereva akapiga honi. Hiyo honi naisikia mpaka leo.

Wateja walipungua mpaka mwanangu, mtu mzima mwenye mke na watoto, akaniambia, "Mama, tukodishe hii nafasi iwe bucha. Hata mimi nimechoka." Gereji ya babake, ati bucha. Nikavaa koti, nikaenda Chaka siku ya Jumatano, siku ambayo nilijua hakuna watu. Alinikuta nimesimama uani nikitazama ukuta. Vifaa vilitundikwa kila kimoja juu ya umbo lake lililochorwa kwa rangi. Na pale katikati, peke yake, ilikuwa spana yangu iliyochoka.

"Hiyo tunafunzia nayo," akasema. "Tunaonyesha spana mbaya inaharibu bolti aje."

"Unawaambia ulinunua wapi?"

"Hawajawahi kuuliza. Karibu chai."

"Sikuja chai. Nataka umfunze kijana yangu mambo ya dizeli. Wewe na yeye tu, si Jumatatu."

"Jumatatu iko na nini?"

"Iko na watu."

Alicheka, lakini si kwa ubaya, na hiyo ndiyo iliniuma zaidi. Halafu akanijibu: "Hapa hatuna mlango wa nyuma. Mwenye gari imemshinda asimame mbele ya wengine aseme imemshinda, ndio tumfunze."

Nilirudi nikimlaani njia nzima. Jumatatu nikamburuta mwanangu. Alipofika aliinamisha kichwa, basi nikasimama mimi, na rinda langu la kanisa katikati ya grisi, nikasema, "Ile pikapu ya kabeji ilitushinda." Kisha mzee mmoja wa Kianyaga akasema, "Hata mimi hiyo pampu ilinitoa jasho, mama. Keti hapa. Kijana, leta mkono." Kufikia jioni mwanangu alijua kuweka alama, na bucha haikutajwa tena kwetu. Leo wajukuu wangu wawili ni makanika, mmoja msichana, na hakuna dizeli inayowatisha mlimani huku.

Mngedhani hapo wivu ungeisha. Haukuisha. Kila mteja aliyenishukuru alikuwa anamshukuru yeye bila kujua. Nilimwonea wivu kwa sababu hakuogopa kuonekana hajui, na mimi woga huo uliniweka mlangoni miaka mingi nikilinda kisima kilichokauka. Kidole kimoja hakivunji chawa, tunawaambia watoto, halafu sisi wazee tunaenda kufunga mlango. Fundi anayeficha kazi yake atazikwa nayo, na jirani atamvuta mteja wake kwa kamba. Hilo ndilo nimejifunza, na nimelijua nikiwa nimechelewa.

Baada ya mazishi mafundi walikubaliana Jumatatu ihamie kwangu, na ile spana ikaja na vifaa vingine. Nimewaambia wote ilitoka wapi. Jana akaja mwenye gereji moja kubwa ya mjini, yenye ukuta uliopakwa rangi mpya, akaniita kando kwa sauti ndogo. "Shosho," akasema, kama mimi ni nyanya yake, "kijana yangu amefungua injini ikamlemea. Nimlete Jumatano, kukiwa hakuna watu?"

Nikamtazama viatu, vilikuwa vinang'aa. Nikamjibu: "Hapa hatuna mlango wa nyuma. Mwenye gari imemshinda asimame mbele ya wengine aseme imemshinda, ndio tumfunze."