Kijiko Kimoja cha Unga

Mama Sufuria alipika shuleni miaka thelathini, na kwa miaka hiyo yote hakuna mtoto aliyeugua kwa chakula chake. Waliougua, alisema, walikuja na ugonjwa kutoka kwao. Kwa hiyo mkwewe, seremala, aliporudi kutoka hospitali na habari kwamba ana ugonjwa wa siliaki, kwamba gluteni, protini iliyomo kwenye ngano, inamharibia utumbo na hata chembe haimfai, mama alimtazama kuanzia utosini hadi vidoleni.

"Ngano hii hii tunayokula sisi sote?"

"Hii hii, mama."

Hakubishana. Moyoni alishakata shauri kwamba hayo ni maringo, na yeye maringo ya mezani alikuwa ameyatibu mengi. Jumapili alipokwenda kumpikia binti yake, aliisugua sufuria ya mkwewe, akamtengea na mwiko wake, kila kitu kama alivyoagizwa. Kisha, mchuzi ulipokataa kuwa mzito, akakoroga kijiko kimoja cha unga wa ngano. Alitaka kuona kama tumbo lina macho.

Seremala alikula, akaramba vidole, akamshukuru. Alasiri alijifungia chooni, na kila alipotoka alirudi mbio.

Mkewe alisimama nje ya mlango, mikono kiunoni. "Umekula mkate kwa siri! Nazunguka mji mzima nakutafutia unga wa mtama, kumbe wewe unanichezea shere. Sikio la kufa halisikii dawa!"

"Sijala," sauti ilijibu kutoka ndani.

"Basi nani kakutia ngano tumboni, jini?"

Mama Sufuria alikuwa jikoni na kikombe chake cha chai. Angeweza kunyamaza. Mgonjwa hakuwa na nguvu za kujitetea, na jina zuri la miaka thelathini halimwagwi hivi hivi kwa sababu ya mchuzi. Alisikia mkwewe akiapa tena, kwa sauti iliyokwisha, na tena hakuaminiwa. Aibu ikamshika, akaweka kikombe chini. Akainuka, akaenda hadi mlangoni pa choo.

"Mwache mwenzio," alimwambia binti yake. "Ni mimi. Nilitia unga kwenye mchuzi. Nilitaka kujua kama ni kweli."

Binti alishusha mikono kutoka kiunoni. Kisha seremala akauliza kutoka chooni, kwa adabu yake ya siku zote:

"Umeshajua, mama?"

"Nimejua, baba," alisema, akaketi sakafuni pale mlangoni kumngoja.